Mke mjamzito anachefuliwa na sigara: je, kiko ni nafuu?

Ndugu, nimekuelewa: mkeo ni mjamzito, sigara zako zinamtapisha, ila moshi wa kiko cha baba yako anasema unanukia, nawe unafikiria kuhamia kiko. Pua yake haimdanganyi. Tumbaku ya kiko mara nyingi hutiwa vanila au cheri, ndiyo maana walio kando huipenda. Sigaa (zile nene za majani ya tumbaku yaliyoviringishwa) ni majani yaliyochachushwa, yana amonia, na harufu yake nzito hung'ang'ania mapazia. Shisha hunukia matunda.

Ila tafadhali usihamie kiko. Harufu nzuri haipunguzi sumu hata chembe. Nikotini na kaboni monoksidi (gesi ya sumu itokayo kwenye moshi) zimo humo pia, na humfikia mtoto tumboni. Lililo bora ni kuacha, na kliniki ya wajawazito wanaweza kukuelekeza pa kupata msaada. Kwa sasa vuta nje kabisa (dirisha wazi halitoshi), badili shati, nawa mikono na uso kabla ya kumkaribia. Usijinuse mwenyewe ukaridhika, pua ya mvutaji imeshazoea.

Akitapika kiasi kwamba hata maji hayakai, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.