Maswali na majibu: maabara ya ruta isiyobadilisha kebo kwa mkono

Maswali ya safari hii yametoka kwa mafundi na wanafunzi wa Mombasa wanaopima ruta na swichi kabla hazijapelekwa kazini. Wengi wanauliza kuhusu matriki, yaani kifaa kinachopokea poti zote za maabara na kuziunganisha mbili mbili kwa amri ya kompyuta, bila mtu kuingia nyuma ya raki.

Tuna swichi ya poti 48 imekaa bure. Kwa nini tusiipe kila jozi ya poti VLAN yake (mtandao uliotengwa ndani ya swichi), tukaokoa pesa ya matriki? (Fundi, Changamwe)

Kwa baadhi ya majaribio inatosha. Ukipima OSPF au BGP, itifaki za ruta kuambizana njia, kwa pakiti za kawaida, mambo yatakwenda. Lakini kebo haisomi kinachopita ndani yake, na swichi inasoma. Fremu (vifurushi vya data kwenye kebo) zinazotumwa kwa anwani za 01-80-C2-00-00-00 hadi 01-80-C2-00-00-0F hazivuki swichi ya kawaida: huzichukua yenyewe au huzitupa. Humo ndimo zilimo LLDP (ya kumtambua jirani), LACP (ya kufunga kebo kadhaa ziwe kifungu kimoja) na STP (ya kuzuia mizunguko). Ruta zako mbili hazitaweza kufunga kifungu cha LACP, na ukiuliza LLDP jirani ni nani, kila moja itaitaja swichi ya katikati. Kama swichi yako ina uwezo wa kupitisha itifaki hizo ndani ya handaki, uwashe kabla ya kitu kingine chochote.

Angalia pia ukubwa wa fremu. VLAN mbili zikipandana huongeza baiti 4, na fremu kubwa za majaribio hutupwa kimya kimya kama hukupandisha MTU ya swichi, yaani ukubwa wa juu inaoruhusu. Na poti ya upande mmoja ikizimika, ya upande wa pili hubaki imewaka, kwa hiyo huwezi kupima ruta inachukua muda gani kugundua kebo imekatika. Kwa kazi hiyo VLAN haifai kabisa.

Nimeonyeshwa matriki za aina tatu: ya umeme, ya vioo na ya roboti. Nichukue ipi, na stima yetu unaijua? (Msimamizi wa maabara, Nyali)

Anza na stima, kwa sababu hapo ndipo zinapoachana.

Matriki ya umeme hupokea ishara kwa moduli (kidude kinachochomekwa kwenye poti kutuma na kupokea), huielekeza ndani ya chipu, kisha huitoa upya kwa moduli nyingine. Inabadilisha muunganiko papo hapo, inaweza kunakili poti moja kwenda poti nyingi, na kwa kuwa ishara inatoka ikiwa mpya huna haja ya kuhesabu mwanga uliopotea ndani yake. Gharama yake imejificha kwenye moduli: kila poti ya ruta inataka moduli ya pili upande wa matriki. Tena iliyojengwa kwa 10G (gigabiti 10 kwa sekunde) haitapitisha 100G kamwe.

Ya vioo hupinda mwanga kwa vioo vidogo mno vinavyoinamishwa kwa umeme. Haijali kasi: 10G leo, 400G kesho, kifaa ni kile kile. Ila nyingi hutaka faiba ya modi moja, na kila unapopita unapoteza kati ya desibeli 1 na 3.

Ya roboti hushika faiba yenyewe na kuichomeka pengine. Ni polepole, makumi ya sekunde au dakika kadhaa kwa kila muunganiko, na huufanya mmoja baada ya mwingine. Lakini ikishachomeka, imechomeka. Stima ikikatika, mwanga unaendelea kupita. Ya umeme hufa hapo hapo, na nyingi za vioo husahau miunganiko yake.

Kama majaribio yako hubadilika mara chache kwa siku na huendeshwa usiku kucha, roboti inakufaa. Kama skripti inabadilisha miunganiko mara mia kwa saa, chukua ya umeme au ya vioo na uipe UPS, yaani betri ya akiba. Watu huweka ruta kwenye UPS wakaiacha matriki kwenye soketi ya ukutani. Fanyeni kinyume: matriki na seva inayoiamuru ndizo za kwanza kulindwa, kwani hazili umeme mwingi, na bila hizo ruta zilizobaki hai hazina wa kuzungumza naye.

Ukisikia mtu akisema mkono wa fundi ni bei rahisi, mkumbushe kuwa kichwa cha LC, cha faiba, kwa kawaida huhesabiwa kuvumilia kuchomekwa mara 500 hivi, na cha RJ45, cha kebo ya shaba, mara 750. Poti inayobadilishwa mara 10 kwa siku hufikisha 500 ndani ya siku 50 za kazi.

Tuna ruta 6 zenye poti 8 kila moja, na kifaa cha kuzalisha trafiki chenye poti 8. Tununue matriki ya poti ngapi?

Hesabu ya juu juu ni 48 na 8, yaani 56. Ongeza robo kwa ajili ya ukuaji, utafika 70. Kabla hujalipa, toa poti ambazo hazihami kamwe, kama vile za usimamizi na za konsoli. Hizo zipe kebo ya kudumu.

Ukinunua ya faiba, muulize muuzaji poti moja ni faiba moja au jozi. Matriki iliyoandikwa 384 ikiwa inahesabu faiba moja moja, ni poti 192 tu za ruta, maana kila moja ina faiba ya kutuma na ya kupokea.

Na ukilazimika kununua matriki mbili ndogo badala ya moja kubwa, usizipeleke ruta tatu huku na tatu kule. Gawa poti za kila ruta nusu kwa nusu. Hapo ruta yoyote inaweza kukutana na nyingine ndani ya matriki moja, na zile kebo chache za kuunganisha matriki mbili hazitakuwa kama kivuko cha Likoni saa ya jioni.

Kiungo cha 100G kinawaka tukichomeka moja kwa moja. Tukipitisha kwenye matriki ya vioo, kimya. (Fundi, Mtwapa)

Tazama moduli kwanza. Kama ni SR4, umepata jibu: hiyo hutumia faiba nane za modi nyingi, zenye kiini cha mikromita 50, na matriki yako ni ya modi moja, kiini mikromita 9. Mwanga mwingi utabaki mlangoni. Badilisha uweke LR4, ambayo hutumia faiba mbili tu.

Kama tayari ni LR4, piga hesabu ya mwanga. Kiwango chake kinaruhusu upotevu wa desibeli 6.3 njia nzima. Matriki ikila 2, na viungio vinne vya paneli vikila 0.5 kila kimoja, umetumia 4. Bado una nafasi. Pitisha kwenye matriki mbili na uongeze viungio viwili vya katikati: umefika 7, umevuka kiwango, na kiungo huenda kisiwake. Soma nguvu ya mwanga inayopokelewa kwenye ruta zote mbili, mara ya kwanza zikiwa zimechomekwa moja kwa moja, mara ya pili kupitia matriki. Tofauti ikizidi ulichohesabu, kuna kichwa kichafu au faiba iliyopindwa mno.

La tatu ni FEC, urekebishaji wa makosa. SR4 inahitaji RS-FEC, LR4 haihitaji. Mkibadilisha moduli bila kugusa mipangilio, ruta moja inaweza kubaki na FEC na nyingine haina, na mwanga mzuri wa kutosha hautasaidia. Andika FEC kwa mkono pande zote mbili.

Hatari iko pia upande wa pili, ya mwanga kuzidi. Moduli ya 10G ya ER, ya masafa marefu, inaweza kutuma hadi desibeli-miliwati 4 (kipimo cha nguvu ya mwanga), na mpokeaji wake haruhusiwi kupata zaidi ya hasi 1. Matriki ikiunganisha ER mbili ndani ya chumba kimoja bila kipunguza mwanga cha angalau desibeli 5, unamuumiza mpokeaji. Skripti ikatae kuunganisha jozi hiyo mpaka ione kipunguza mwanga kwenye rekodi.

Skripti yetu inaunganisha, inapima, inatoa majibu. Mara moja moja majibu hayaeleweki, tukirudia yanakuwa sawa. Tatizo ni nini? (Kikundi cha wapimaji, Mombasa)

Swali hili ndilo zito kuliko yote ya leo. Jaribio lililofaulu kwenye kebo isiyo sahihi ni baya kuliko lililoshindwa, kwa sababu hakuna atakayelirudia. Dawa ni skripti kuthibitisha muunganiko kabla ya kupima, kila mara, hata pale matriki imejibu kuwa imefanya kazi. Matriki inajua poti zake tu. Haijui kama jana usiku mtu alihamisha kebo kutoka poti 7 ya ruta kwenda poti 9.

Mpangilio uwe huu. Funga poti zote mbili kwenye daftari la kuwekea nafasi, ili skripti ya mwenzako isiziguse. Zima poti kwenye ruta. Vunja muunganiko wa zamani na uisome matriki tena hadi ikiri kuwa haupo. Unganisha upya, soma tena. Washa poti, subiri kiungo, na kama hakijawaka ndani ya sekunde 30, simama utoe ripoti. Usiendelee kwa matumaini. Kisha soma nguvu ya mwanga na uilinganishe na kipimo cha mwisho cha njia hiyo hiyo. Mwisho uliza LLDP jirani ni nani, kwenye poti ipi.

Hapo kwenye LLDP ndipo nadhani skripti yenu inapodanganywa. Kwa kawaida ruta hutuma LLDP kila sekunde 30 na jina la jirani hukaa sekunde 120. Kama matriki yenu ni ya umeme, leza yake huenda haizimiki mnapovunja muunganiko. Ruta haioni kiungo kikidondoka, basi inaendelea kumtaja jirani wa zamani hadi dakika mbili. Skripti inamwona jirani wa jaribio lililopita, inaridhika, inaanza. Mkirudia baadaye, jina limeshafutika na kila kitu kinakaa sawa. Ndiyo sababu ya kuzima poti kwenye ruta zenyewe. Pia shusheni LLDP iwe sekunde 5 na kizidisho 4, jina life baada ya 20 hivi. Na kama matriki ina mpangilio wa kuzima leza upande wa pili pale upande wa kwanza unapozimika, uwasheni. Bila huo hata majaribio ya kukatika kwa kebo hayana maana.

Kama ruta mnayoipima LLDP yake haijakamilika, zimeni poti moja na mtazame ni poti ipi nyingine imezimika. Njia hiyo haidanganyi mradi leza inafuatana. Fanyeni ukaguzi huo kwa maabara nzima kila wiki: kwa mfano, poti 56 kwa nusu dakika kila moja ni dakika 28, na majibu yalinganishwe na rekodi ya kebo, iwe NetBox au jedwali lolote. Rekodi na hali halisi zikitofautiana, mtu aende akatazame lebo kabla ya kurekebisha rekodi.

Kiyoyozi chetu tunakiweka nyuzi 18. Bado vichwa vya faiba vinachafuka. (Fundi, Shimanzi)

Nyuzi 18 ndizo zinazochangia. Hewa ya Mombasa wakati wa masika huanza kutoa umande kwenye kitu chochote chenye baridi chini ya nyuzi 23 au 24. Stima ikikatika, mlango ukafunguliwa, hewa ya nje inaingia na kukuta vyuma baridi. Unyevu huo unashika vumbi na chumvi, na ukikauka unaacha alama juu ya kioo. Weka chumba kwenye 24 au 25. Vifaa havidhuriki, na umeme utapungua. Kila poti iliyo wazi iwe na kifuniko.

Kusafisha: kagua kwa darubini ya faiba, safisha, kagua tena. Kalamu ya milimita 1.25 ni ya LC, ya 2.5 ni ya SC. Alama ya chumvi ikigoma, tumia alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 kisha futa kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi. Usipulize kwa mdomo. Wala usichungulie kwa jicho. Mwanga wa nanomita 1310 hauonekani, lakini unafika ndani ya jicho.

Naweza kuiga kebo ya baharini maabarani?

Ucheleweshaji wake, ndiyo. Kebo ya baharini ya TEAMS imeunganisha Mombasa na Fujairah, Falme za Kiarabu, tangu 2009; tuseme njia ni kilomita 5,000. Mwanga ndani ya faiba hutumia takriban mikrosekunde 5 kwa kilomita, basi ni milisekunde 25 kwenda na 25 kurudi. Usitafute roli la faiba: la kilomita 25 litakupa mikrosekunde 125 tu. Weka kompyuta ya Linux yenye kadi mbili katikati, uipitishe trafiki, na tumia netem, kichelewesha pakiti cha Linux, yenye delay 25ms kila upande.

Kosa linalowapata wengi: netem kwa kawaida hubeba pakiti 1,000 tu kwenye foleni. Kwa 1G, pakiti za baiti 1,500 zilizo njiani ndani ya milisekunde 25 ni kama 2,083. Zaidi ya nusu hazina pa kukaa, utaona upotevu na kuilaumu ruta. Ongeza limit 10000.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi, sina matriki wala ruta. Nianzie wapi?

Marahaba. Anza na kompyuta yako, containerlab (huendesha mtandao wa mfano ndani ya kompyuta) na FRRouting (programu ya ruta). Andika ramani ya ruta nne kwenye faili moja, kisha andika skripti ya kuthibitisha majirani kama ilivyoelezwa hapo juu. Ukipata ruta za chuma, mantiki haibadiliki. Viungo vya containerlab ni jozi za veth (kebo za programu ndani ya Linux), vinapitisha LLDP na hata LACP. Ukiamua kuunganisha kwa daraja la Linux, yaani swichi ya programu, LLDP itapotea mpaka uandike 16384 kwenye group_fwd_mask ya daraja hilo. LACP haitakubaliwa na mpangilio huo wa daraja zima, kwa hiyo kwa vifungu baki na veth. Zoezi la kwanza: badilisha kiungo kimoja kwa mkono bila kuiambia skripti, na uhakikishe inakataa kuanza jaribio.