Siku moja inatosha kufunza walimu wa kusoma?

SWALI: Habari mwalimu. Nafundisha gredi ya pili hapa Kayole. Shule niliyosomea huko Kitui imeniomba niende likizo ya Agosti nifunze walimu wao 12 jinsi ya kufundisha watoto kusoma. Wamenipa siku moja tu na nimeshatengeneza slaidi 60. Nianzie wapi? – Madam wa Kayole

JIBU: Madam, slaidi 60 na stima ikipotea je? Ziache Kayole. Hao walimu wameketishwa semina nyingi, wanakunywa chai, wanaandika noti, Jumatatu wanarudi kwa ubao na "semeni wote" kama kawaida.

Waambie wakuletee watoto 20 wa hapo karibu. Fundisha wewe dakika ishirini wakiangalia, halafu wao wafundishe, mmoja akiwa mbele mwingine anahesabu ni watoto wangapi wamesoma peke yao, si kwa kwaya.

Wakati mmoja nilikaa nyuma ya darasa huko Makueni, kijana akasoma "Baba analima shamba" bila kukwama, karibu nipige makofi, kumbe kidole kiko mstari wa chini kabisa, ukurasa mzima ameshika kwa kichwa. Nikaandika kwa ubao "tisolo", neno ambalo halipo, darasa likanyamaza ni kama nimewaomba pesa. Mwalimu wao alielewa hapo hapo.

Utasikia pia wengi wakiita b "bii" kama kwa Kizungu, sasa mtoto akiunganisha bii na a anapata nini? Irabu zetu ni tano tu na silabi karibu zote zinaishia kwa irabu, so ba be bi bo bu inampeleka mbali haraka. Kaa zaidi kwa ng ya ngoma na ng' ya ng'ombe, hapo ndio wanaumia. Na kwa sababu nyumbani ni Kikamba, anaweza soma neno vizuri na asijue maana, lazima aulizwe.

Hata Tusome, ule mpango wa kitaifa wa kufundisha watoto wadogo kusoma, ilipoanza 2015 haikuachia semina kazi yote, kila mtoto alipata kitabu chake, mwalimu mwongozo, na afisa wa mtaala alikuwa anakuja darasani na tableti kuangalia somo na kusikiza watoto wachache wakisoma. Hiyo ya kurudi ndio watu huruka, sababu ya nauli. Wewe panda basi tena pale stendi ya Machakos Country Bus hapo Nairobi mwezi wa kumi, ama wakurekodie dakika tano za somo wakutumie kwa WhatsApp.

Na beba chaki zako, kuna mahali nilifika nikapata imebaki kipande kimoja na iko kwa mfuko wa hedimasta.