Jibu: h-indeksi ya Google Scholar na Scopus hazilingani

Salaam mkuu. Umeuliza kwa nini Scholar, injini ya Google ya kutafuta machapisho ya kitaaluma, inakupa h-indeksi 19 (yaani makala 19 zilizonukuliwa angalau mara 19 kila moja) na Scopus, hifadhidata ya machapisho na nukuu zake, 11, ilhali makala zako za kinga ya mwili ni zilezile.

Anza na jina. Tafuta Scopus kwa jina la ukoo na herufi za kwanza, ukizibadilisha. Mara nyingi utakuta umegawanywa kurasa mbili, moja ikiwa na chuo cha zamani. Omba ziunganishwe, kisha uiunganishe na ORCID, ile namba ya tarakimu 16 inayomtambulisha mtafiti.

Pengo litakalobaki ni la kawaida: Scholar huhesabu hata nukuu za kwenye tasnifu, Scopus huchagua majarida. Ila Scholar nayo ikague, maana hupenda kumbebesha mtu makala za wajina wake. Kwenye maombi ya ufadhili taja chanzo na tarehe.