Siku ya Kamera ni ya Kukodi: Ushauri kwa Wanaotoka Jukwaani Kwenda Kwenye Filamu

Kila ninapokutana na vijana wa vikundi vya maigizo wanaotaka kutayarisha filamu zao wenyewe, swali lao la kwanza huwa ni kamera: ipi ni nzuri, inakodishwa wapi, na kwa bei gani kwa siku. Nawaelewa, kwa sababu nami nilipoondoka jukwaani nilianza na swali hilohilo, na ninaamini kwamba ndilo lililoiumiza filamu yangu ya kwanza.

Nilisoma sanaa za maonyesho Bagamoyo wakati taasisi ile ikiitwa bado Chuo cha Sanaa, kabla haijawa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, mwaka 2007, kisha nikazunguka mikoani na kikundi kilichoigiza michezo ya jamii kuhusu UKIMWI, ardhi na elimu ya mtoto wa kike. Tuliigiza viwanjani, chini ya miembe na katika madarasa yaliyoondolewa madawati. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba kikundi kinafika, kinakula, kinalala na kinalipwa, na wakati huo hakuna kati yetu aliyeiita kazi hiyo utayarishaji.

Mwaka 2009 nilipotayarisha filamu ya kwanza nilikuwa na fedha za siku 9 za kurekodi, nikaziona zinatosha, kwa kuwa nilizoea mchezo wa saa mbili unaoisha kwa saa mbili. Siku ya kwanza tulipanga kurekodi sini sita, yaani matukio sita ya hadithi, tukapata mbili. Mwigizaji wangu bora, ambaye sauti yake ilikuwa ikifika nyuma kabisa ya uwanja bila maiki, alipaza sauti ileile mbele ya kamera iliyokuwa hatua mbili kutoka usoni pake, na kila alipoombwa apunguze sauti alipunguza na hisia pamoja nayo. Basi tukaanza kumfanyisha mazoezi palepale, kamera na taa za kukodi zikiwa zimewashwa, jenereta ikinywa mafuta, na watu 14 wamekaa wakisubiri. Alipopatia, jirani akaanza kuchomelea geti. Uwanjani mwigizaji huimeza kelele ya namna hiyo na mchezo ukaendelea. Fundi sauti hawezi kuimeza.

Tangu wakati huo, ushauri wangu kwa mtayarishaji asiye na fedha nyingi ni huu: fanya mazoezi kwa majuma mengi kabla hujakodi chochote. Mtu aliyetoka jukwaani tayari ana kitu ambacho watengenezaji wengi wa filamu hawana, yaani kikundi kilichozoea kukutana kila jioni kwa nauli na chai. Kwa filamu ya pili tulifanya mazoezi kwa majuma matano katika ua wa nyumba ya shangazi yangu, tukijirekodi kwa simu ili kila mmoja ajione uso wake kwa karibu. Picha zile hazikuwa za kuonyesha mtu yeyote. Zilimsaidia mwigizaji agundue mwenyewe kwamba mbele ya kamera kufumba macho polepole kunatosha mahali ambapo jukwaani angehitaji mkono mzima.

Kuna jambo moja la mazoezi hayo ambalo naliona kubwa kuliko mengine yote. Jukwaani mwigizaji hupanda na hadithi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kilio cha mwisho hubebwa na yote yaliyotangulia. Kwenye filamu unaweza kurekodi msiba asubuhi na posa mchana, kwa sababu tu nyumba uliyoazimwa inapatikana Jumanne pekee. Waigizaji wengi wa jukwaani huvunjikia hapo, na watu husema hawafai kwa kamera, jambo ambalo si kweli. Sisi huigiza filamu nzima kama mchezo wa kuigiza, bila kusimama, angalau mara tatu kabla ya siku ya kwanza ya kurekodi, ili kila mwigizaji aijue njia yote kwa mwili wake. Baada ya hapo unaweza kumweka katika sini yoyote, naye atajua ametoka wapi na amebeba nini.

Mengine nayataja kwa ufupi. Omba kibali cha Bodi ya Filamu Tanzania mapema, kwani sheria ya mwaka 1976 inakitaka kabla hujarekodi. Mteue mtu mmoja wa kuandika daftarini kila leso, kila kikombe na kila upande wa nywele, maana sini moja hurekodiwa vipande vipande, pengine kwa siku tofauti, na vipande hivyo lazima vifanane.

Mkataba, hata hivyo, unahitaji maneno zaidi. Mchezo wa jukwaani ukiisha hakuna kinachobaki cha kuuza, kwa hiyo tulizoea kupokea posho na kuondoka. Kwa mazoea hayohayo nilimuuzia msambazaji masta, yaani nakala kuu, ya filamu yangu ya kwanza kwa malipo ya mara moja, na mkataba haukutaja ukomo wa muda, wala nchi, wala aina ya matumizi. Filamu ilipoonyeshwa baadaye kwenye televisheni sikuwa na haki ya kudai chochote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwenye kazi, lakini haiwezi kumrudishia alichokiuza kwa saini yake. Leo ninakodisha haki: kwa miaka kadhaa, kwa eneo lililotajwa, kwa njia iliyotajwa.

Na kabla ya kulipia usahihishaji wa rangi na uchanganyaji wa sauti, ambazo ni gharama kubwa, ninakusanya watu wapatao 20 uani na kuwaonyesha filamu ikiwa bado mbichi. Ninaketi pembeni, nawatazama wao wala si kioo, kama nilivyokuwa nikisimama kando ya uwanja kule mikoani. Katika filamu ya tatu, wakati wa mazungumzo marefu ya baba na mwanawe, mama mmoja alimgeukia jirani yake akaanza kumuuliza habari za bei ya mchele. Kesho yake mhariri na mimi tuliondoa dakika nne.