Hatambai, haongei, anatumia mkono mmoja: nisubiri au niende hospitali?

Wengi mnaoniandikia mnauliza umri: miezi mingapi afanye nini. Umri una maana yake, lakini mimi hutazama kwanza mambo mawili. Je, mtoto anaongeza anachoweza, au anapoteza alichokuwa nacho? Na je, kulia na kushoto vinafanya kazi sawa?

Nesi, shikamoo. Mwanangu ana miezi 10 na hatambai. Anakaa vizuri, anajisukuma kwa makalio. Mama mkwe anataka tumchimbie shimo kwenye mchanga tumfukie miguu, eti ipate nguvu. (Mama, Kigamboni)

Marahaba mwanangu. Mwambie mama, kwa heshima zote, shimo tuliache. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya njema katika nchi 5, Oman ikiwemo, na mwaka 2006 likatoa matokeo. Wengi walianza kutambaa kati ya miezi 5 na 13, na wapatao 4 katika kila 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti kabisa. Kukaa bila kuegemea kulitimia kufikia miezi 9, kutembea wenyewe kati ya miezi 8 na 17 na nusu. Wako yumo. Mtandikie mkeka, weka sufuria na kijiko mbali kidogo, avifuate. Angekuwa hakai mwenyewe mpaka leo, ningekwambia nenda kesho. Na akifika miezi 18 hajatembea, mpeleke.

Wangu ana miezi 7, ni wa mkono wa kushoto kabisa. Ukimpa kitu upande wa kulia, anakivukia na kukichukua kwa kushoto. Nyumbani wanasema amemrithi babu yake. (Mama, Morogoro)

Naomba msifurahi bado. Mtoto wa umri huo hutumia mikono yote miwili. Kuegemea mmoja kabla ya mwaka 1 ni dalili kwamba huo mwingine una shida. Mpakate, uzuie taratibu mkono wa kushoto, kisha mpe kijiko kwa kulia. Kiganja hakifunguki? Dole gumba limejificha ndani ya ngumi? Ukimvalisha shati, mkono huo unakaza? Ukimsimamisha, mguu wa kulia unakanyaga kwa ncha za vidole? Hata ukiona moja tu kati ya haya, au mkono huo umelegea tu, mpeleke wiki hii. Huenda mishipa ya fahamu ya bega ilivutwa wakati wa kuzaliwa, au ubongo uliumia na huu ni mtindio wa ubongo wa upande mmoja. Mweleze daktari uzazi ulivyokuwa: alilia mara moja? Alivutwa? Alipata manjano makali? Uliza pia kuhusu mazoezi ya viungo, yaanze mapema. Kwa walio Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT inahudumia watoto wa aina hii.

Na jambo hili linaniuma. Kliniki mtoto anatundikwa kwenye mizani, anachomwa chanjo, kadi inajazwa, foleni inasogea. Uzito wake unaweza kuwa mzuri kabisa na mkono usionwe na mtu. Sema, hata kama nesi anaonekana ana haraka.

Mjukuu wangu ana miezi 5. Akiamka anajikunja ghafla, kichwa kinainama, mikono inaruka, kisha analegea. Inarudi tena na tena, halafu analia. Tumempa dawa ya mchango lakini wapi. Siku hizi hata hacheki. (Bibi, Tanga)

Shikamoo bibi. Mpelekeni leo. Tumbo likimuuma, mtoto hulia na kujinyonga bila mpangilio. Hiki mnachokieleza kinakuja kwa mpigo: sekunde moja au mbili, kinaachia, kinarudi, hasa akitoka usingizini. Inaweza kuwa kifafa cha watoto wachanga, ambacho mara nyingi huanza kati ya miezi 3 na 12. Hakifanani na degedege la homa. Mwili hauna joto, wala mtoto hatikisiki kwa muda mrefu, na ndiyo maana watu hudhani ni mchango.

Kilichonishtua zaidi ni hicho kicheko. Mtoto aliyekuwa akicheka akaacha, au aliyekuwa na maneno yakapotea, anahitaji daktari hata kama hakuna dalili nyingine. Mrekodini kwa simu, mwili wote uonekane, kwa sababu mbele ya daktari huenda asifanye. Zahanati wakisema ni gesi, onyesheni video, ombeni rufaa kwa daktari wa watoto. Dawa zipo, na zinasaidia zaidi zikianza mapema.

Salaam aleikum dada. Kijana wetu ana mwaka 1 na miezi 10, ana maneno mawili tu. Nyumbani tunasema Kiswahili na Kigiriama. Jirani anasema ana udata, yaani ulimi umeshikwa kwa chini, akatwe. (Baba, Mombasa)

Aleikum salaam kaka. Udata unaweza kusumbua kunyonya, na baadaye baadhi ya matamshi, lakini haumzuii mtoto kuanza kusema. Lugha mbili nazo hazina kosa. Hesabuni maneno ya lugha zote kwa pamoja. Yakiwa bado mawili, ni machache, basi anzeni na kupima masikio. Msiridhike kwa kuwa anageuka mlango ukibamizwa: anaweza kusikia kishindo na asisikie sauti nyembamba za maneno. Kisha mtazame. Ukimwita anageuka? Ndege ikipita anakunyooshea kidole ili nawe uione? Ukimwambia "lete kiatu" anakileta? Kama hapana, daktari amchunguze pia usonji.

Wangu alizaliwa wiki ya 32. Sasa ana miezi 7 na hajakaa. (Mama, Dodoma)

Mimba kamili ni wiki 40, basi toa zile wiki 8 alizowahi: mhesabu kama wa miezi 5. Bado ana muda wa kukaa. Endelea kuhesabu hivyo mpaka atimize miaka 2. Chanjo tu ndizo zinazofuata tarehe aliyozaliwa.