Jalada lisilofungwa halianzi kuhesabiwa miaka

Sheria ya Nyaraka ya 1965 ilijali zaidi karatasi zilizokwisha zeeka. Iliyoifuta, Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya 2002, inaanza mapema: mkuu wa taasisi ya umma Tanzania anawajibika tangu kumbukumbu inapotengenezwa hadi inapoteketezwa au kupelekwa Nyaraka za Taifa, hifadhi ya kudumu ya nchi. Kwa hiyo masijala, yaani chumba cha majalada ya ofisi, si stoo, na mtunza kumbukumbu hapaswi kuachiwa mzigo huo peke yake.

Pa kuanzia ni jalada lenyewe. Kila barua inayoingia au kutoka ipewe namba ya folio, yaani namba yake ndani ya jalada, juu kulia, kwa mfuatano. Dokezo, yaani maelezo au maagizo ya ofisa yanayoandikwa jaladani, litaje folio linalozungumziwa, liwe na saini, cheo na tarehe. Bosi akitoa agizo kwa simu au WhatsApp, aliyelipokea aandike dokezo siku hiyohiyo na liingie jaladani. Asipoandika, mkaguzi ataona malipo na hataona idhini, na atakayeulizwa ni aliyelipa.

Panapoharibika zaidi ni kufunga jalada. Mwongozo wa kuhifadhi na kuteketeza huhesabu miaka tangu jalada lilipofungwa. Tuseme aina fulani ya majalada hutunzwa miaka 7. Kama jalada la 2011 bado linapachikwa barua leo, miaka hiyo 7 haijaanza hata siku moja. Ndiyo maana kabati zinajaa, mafaili yanahamia korido, kisha mchwa na maji ya mvua vinafanya uamuzi ambao ofisi ilikwepa. Likifika folio 100 hivi, au shughuli ikiisha, lifunge: andika kwenye jalada tarehe ya kulifunga, fungua juzuu mpya, yaani jalada la kuendeleza lile lile, na kila juzuu itaje mwenzake. Kazi ya dakika chache tu.

Jalada tuli, lililofungwa na lisilotumika tena, litolewe masijala hai, liingie kwenye boksi lenye orodha ya yaliyomo. Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu kipo Dodoma kwa ajili ya majalada ya namna hii, lakini boksi lisilo na orodha ni sawa na kupoteza. Kumbukumbu zenye thamani ya kudumu huenda Nyaraka za Taifa, ambako kwa kawaida husomwa na umma baada ya miaka 30.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 imeongeza shinikizo: mwombaji ajibiwe ndani ya siku 30. Ukiwa na rejista ya majalada inayoaminika, siku hizo zinatosha na kubaki. Kenya, kifungu cha 17 cha sheria yao ya mwaka huohuo kimekwenda mbali zaidi: kinadai waziwazi taasisi iandike maamuzi yake na itunze mpangilio wa kumbukumbu. Hilo ni jambo jema sana, kwa sababu haki ya kuomba haina maana pale ambapo hakuna kilichoandikwa.

Usiteketeze chochote kwa kuwa nafasi imekwisha. Pata idhini, orodhesha jalada moja moja, kisha orodha hiyo na idhini yake vitunzwe daima. Mtu akija baadaye kuuliza jalada la kiwanja chake liko wapi, hayo ndiyo majibu.