"Mazoezi ya muda" siyo mazoezi ya kupimwa muda

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo Nzuguni hapa Dodoma, nafundisha walinzi wanaosindikiza fedha. Nilipewa mwongozo wa Kiingereza, nikaufasiri ili vijana wausome wenyewe. Kichwa cha somo nilikiandika hivi: "Mazoezi ya muda ya bastola pamoja na kupakia upya kwa ajili ya kujitetea." Kijana mmoja akanyoosha mkono: "Afande, haya ni ya muda, ya kudumu yanaanza lini?" Mwingine akataka kujua tunapakia nini. Nimekosea wapi? Na je, niandike "drili" au "zoezi"?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Vijana wako wamekusoma sawasawa na ulivyoandika, na wamekufanyia hisani kuuliza darasani kabla hawajashika silaha. Katika kazi yako neno lenye maana mbili ni hatari, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Tuanze na huo "muda". Kiswahili kikisema kitu ni "cha muda", kimeshasema kitu hicho kitaisha. Ajira ya muda ina tarehe ya mwisho. Kibali cha muda kina siku zake. Wewe uko Dodoma, unakumbuka wizara zilipohamia huku: kadhaa zilikaa kwanza kwenye majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma kabla ya kwenda Mtumba. Zile tuliziita ofisi za muda, na hakuna aliyedhani ni ofisi zinazopimwa kwa saa. Kwa hiyo "mazoezi ya muda" ni mazoezi yatakayokoma na kupisha mengine. Kijana wako alikuwa na haki ya kuuliza ya kudumu yanaanza lini.

Unachokitaka ni tendo la kupima, basi kitaje kitenzi chenyewe. Lakini hapo napo pana mtego. Ukiandika "mazoezi ya kupima muda", msomaji ataona mwanafunzi ndiye mpimaji, kama mwamuzi wa mbio aliyeshika saa. Kijana wako hapimi, anapimwa. Andika "mazoezi ya kupimwa muda", au kwa upana, "mazoezi ya bastola kwa kupimwa muda". Hiyo "w" moja ndiyo inayomweka kila mtu mahali pake: mkufunzi na saa yake huku, mpigaji na bastola yake kule. Ukitaja kiasi, hata "muda" wenyewe hupona. "Apige ndani ya muda wa sekunde 10" haina utata, kwa sababu sekunde zimeshaufunga muda.

Sasa twende kwenye "kupakia upya", ambako ndiko kwenye shughuli. Kupakia ni kwa mzigo na chombo. Tunapakia mahindi kwenye lori pale Kibaigwa, tunapakia abiria, na siku hizi tunapakia picha mtandaoni. Bastola haipakiwi. Naamini neno hilo umelitoa kwenye simu, inakokuambia "pakia upya" ukurasa usipofunguka.

Mababu walikuwa na neno lao, na lilikuwa sahihi kwa silaha yao. Gobore lilishindiliwa. Baruti ilimiminwa kwa mdomo wa mtutu, ikafuatiwa na kitambaa au nyuzi, kisha risasi au marisawa, na vyote vikasukumwa kwa ufito mpaka vikakaa. Kushindilia ni kukandamiza kwa nguvu, na ndicho mkono ulichokuwa ukikifanya. Kitenzi hicho bado ki hai, ila kimehamia kwa mafundi wa barabara na wajenzi wanaoshindilia kifusi. Zilipokuja bunduki za kutiwa risasi kwa nyuma, watu wakaacha kushindilia, wakaanza "kutia risasi" na "kujaza risasi". Sikiliza jinsi lugha ilivyofanya: haikubeba jina la zamani na kulibandika kwenye silaha mpya. Ilitazama mkono unafanya nini, ikachagua kitenzi.

Nawe fanya vivyo hivyo. Kiingereza hutumia neno moja, "reload", kwa kazi mbili ambazo mikono yako inajua kuwa ni tofauti. Kazi ya kwanza hufanyika umeketi kwenye benchi, chini ya kivuli, bila haraka: unachukua risasi mojamoja na kuzisukuma kwa kidole gumba ndani ya magazini, yaani kile kisanduku cha kuwekea risasi. Hiyo ni kujaza magazini. Kazi ya pili hufanyika umesimama mbele ya shabaha na saa inakwenda: magazini iliyokwisha inatoka, iliyojaa inatoka kiunoni na kuingia kwenye kitako cha bastola. Hapo hakuna kinachojazwa, kilishajazwa tangu asubuhi. Hiyo ni kubadili magazini. Ukiamuru "jaza upya!" wakati wa zoezi, kijana mtiifu anaweza kuanza kutafuta risasi mfukoni. Ukiamuru "badili!", mkono unakwenda kiunoni. Nimependelea "badili" kuliko "badilisha" kwa sababu ina silabi 3 tu, nayo tumeizoea tangu utotoni katika kubadili nguo: moja inavuliwa, nyingine inavaliwa.

Mwongozo wako bila shaka unatofautisha kubadili baada ya risasi kwisha na kubadili mapema, wakati bado zimo. Usitafute istilahi nzito. "Kubadili magazini iliyokwisha" na "kubadili magazini kabla haijaisha" zinatosha, na mlinzi wa zamu ya usiku atazielewa akiwa na usingizi. Katika ile ya pili ongeza sentensi moja inayosema magazini ya kwanza inarudishwa mfukoni au inaachwa chini, kwa kuwa kitenzi peke yake hakisemi.

Neno "magazini" lenyewe lisikutie aibu. Limetoka Uarabuni kwenye makhazini, yaani maghala, likapita Italia na Ufaransa, likatufikia kwa mkono wa Waingereza. Mzizi wake ndio huohuo uliotupa "hazina" kwa njia ya moja kwa moja. Ni ndugu wawili waliopotezana wakakutana tena kwenye kamusi ya Kiswahili. Jihadhari tu na umbo lake. Linaanza na "ma" kama wingi na kuishia na "ni" kama mahali, nami nimeshasoma "magazini mwake" mara mbili tatu. Ni jina la kawaida la ngeli ya I-ZI: magazini hii, magazini hizi, magazini yake. Ukitaka mahali, sema "ndani ya magazini". Na ukitumia mashine kufasiri, hakiki kila mstari, maana "magazine" ya Kiingereza ni jarida pia, nami nimewahi kukuta maelezo ya silaha yakimwambia mtu achomoe jarida.

Kuna neno la tatu la kambini ambalo mwongozo wako hauwezi kulikwepa, nalo ni kukoki. Limetokana na Kiingereza, kama ilivyo koki ya bomba la maji, na kila aliyepita mgambo au Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) analielewa. Liandike bila alama za mtajo. Kukoki si kujaza wala kubadili. Ni kuvuta sehemu ya juu ya bastola nyuma na kuiachia, ili risasi iingie kwenye chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi iliyo tayari kupigwa.

Kwa ajili ya hiyo chemba nakuomba sana ufute sentensi moja ambayo nina hakika umeiandika, kwa sababu wote huiandika: "Hakikisha bastola haina risasi kwa kutoa magazini." Magazini ikitoka, risasi moja inaweza kuwa bado imo kwenye chemba, na hiyo moja inatosha kuua. Kiswahili chako kiseme hatua zote na kwa mpangilio wake: toa magazini, vuta nyuma sehemu ya juu ya bastola, tazama ndani ya chemba kwa macho, pima kwa kidole. Tena usiandike "risasi iko chemba" bila kusema "ndani ya". Kwa vijana wa mkoa huu, Chemba ni wilaya iliyo kaskazini yetu, njia ya Kondoa. Andika "risasi imo ndani ya chemba". Hiyo "mo" inamwambia msomaji kuwa kitu kimefichwa ndani, nacho ndicho unachotaka akiogope.

Ili ujaribu maneno haya, nakufasiria zoezi moja maarufu la Mmarekani Jeff Cooper, mkufunzi wa bastola, liitwalo El Presidente. Huenda limo kwenye mwongozo wako:

"Mpigaji anasimama akizipa mgongo shabaha 3, mikono juu. Shabaha ziko umbali wa yadi 10, yaani mita 9 na kitu, zimeachana mita 1. Kipima muda kikilia, anageuka, anachomoa bastola, anaipiga kila shabaha risasi 2. Anabadili magazini. Anarudia, kila shabaha risasi 2. Jumla ni risasi 12, na muda uliowekwa ni sekunde 10."

Tazama jinsi vitenzi vilivyobeba kazi yote: anageuka, anachomoa, anapiga, anabadili, anarudia. Hakuna jina moja refu lililolazimishwa. "Kuchomoa" linatosha kabisa kwa bastola kutoka kwenye mfuko wake wa kiunoni. Mfuko huo una jina zuri la zamani, ala, lile la ala ya kisu na ala ya jambia, nami ningefurahi sana kulisikia tena midomoni mwa walinzi. Na ile karatasi inayopigwa iite shabaha. Usiiite "lengo" japokuwa linatokana na kulenga, kwa sababu ofisi zimelichukua neno hilo, na ukilitamka leo mtu anafikiria mpango kazi wa mwaka.

Kuhusu "kujitetea" sina mengi. Mshtakiwa hujitetea mahakamani, na mwanafunzi aliyechelewa hujitetea kwa mwalimu. Linapokuja jambo la mwili na hatari, tunasema kujihami au kujilinda. Kwa kichwa cha somo lako chukua "kujihami", kwa sababu lina sura ya mtu aliyeshambuliwa kwanza. Ila mlinzi anayesindikiza fedha za watu wengine hajihami muda wote, saa nyingine analinda mali, na sheria haiyatazami mambo hayo mawili kwa jicho moja. Usiyachanganye katika sentensi moja. Somo la sheria lipe ukurasa wake, lifundishwe na mwanasheria, akiwa na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 mezani. Katika jina la sheria hiyo ya pili, neno "risasi" limebeba zana nzima, ganda na baruti yake. Kwa fundi, madini ya risasi ni yale mazito yanayowekwa kwenye betri, na ndiyo maana ya kwanza ya neno hilo tangu Uarabuni.

Sasa "drili" au "zoezi"? "Drili" ina kazi yake kwa fundi anayetoboa ukuta, mwachie. "Gwaride" na "kwata" ni za kutembea kwa hatua moja, hazikuhusu. "Zoezi" linatokana na kuzoeza, na kuzoeza kunatokana na kuzoea. Anayerudia kubadili magazini mara 50 kwa silaha tupu, kabla hajapewa risasi hata moja, anatafuta mkono uzoee, ufanye bila kuulizwa. Sioni Kiingereza kina nini hapo ambacho sisi hatuna. Tendo moja linalopimwa liite zoezi, na kipindi kizima kiite mazoezi.

Kichwa chako basi kisomeke hivi: "Mazoezi ya bastola ya kujihami: kupiga na kubadili magazini kwa kupimwa muda."